Nyumba Waliyosema Ilikuwa Tupu

Mwezi uliopita nilipanga foleni ili niingie katika nyumba niliyokulia. Ni ile ya matofali mekundu, ya enzi za Malkia Viktoria, kwenye barabara kuu ya mtaa ambao zamani ulikuwa mji mdogo peke yake, kabla Toronto haijaumeza. Siku hiyo wenyewe walikuwa wameifungua wageni waitazame. Mama mmoja mpole alitutembeza akitueleza habari za daktari aliyeijenga, mabinti zake na piano yao. Kisha akasema, "Miaka ya tisini ilikaa tupu, ikiharibika, mpaka wenyewe wa sasa walipoiokoa."

Tupu! Rafiki yangu, damu ilinichemka. Tulikaa humo watu tisa.

Tulikuwa ghorofa ya juu: baba, mama, bibi, mjomba na sisi watoto watano, tumetoka Bukavu. Bibi alipika sombe, yale majani ya muhogo, hadi harufu ya mawese ikashuka ngazi na kutoka mlangoni. Mabomba ya kupashia nyumba joto yaligonga ukutani kama mtu anayetaka kufunguliwa. Jumapili baada ya ibada, nusu ya kanisa ilipanda kwetu kula, na waliokosa viti waliketi kwenye ngazi, sahani magotini.

Ngazi zile zilikuwa zimeoza. Baba alikuwa seremala, lakini Toronto ilimpa kazi ya kufunga maboksi kiwandani Brampton, mji wa jirani. Mwenye nyumba alipojua ufundi wake, alinisimamisha kati yake na baba nitafsiri. Nilikuwa na miaka kumi, na Kiingereza changu ndicho kilichokuwa kizuri kuliko cha wote nyumbani.

"Mwambie, akitengeneza ngazi, mtakaa hapa mpaka nyinyi watoto mmalize shule."

Nikamwambia. Wakapeana mikono.

Kila Jumamosi ya majira yale ya baridi baba alibandua rangi, tabaka kwa tabaka, akachonga nguzo mpya kumi na moja za kushika mkono wa ngazi. Mimi nilipiga msasa. "Fuata nyuzi za mbao," alinisisitiza. "Usiikwaruze, itakuona huna adabu." Vumbi lilinijaa puani, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukueleza.

Theluji ilipoyeyuka, mwenye nyumba alikuja na watu wawili wenye makoti safi. Walizipapasa zile nguzo, wakatabasamu. Walipoondoka, akaniita.

"Mwambie baba yako nimeuza. Muwe mmetoka kabla ya Julai."

Nikamgeukia baba, aliyekuwa amesimama ngazini.

"Anasema nini?" baba akauliza.

"Papa, anasema tuhame."

"Umesikia vibaya. Muulize tena."

Nikauliza. Yule bwana akanipigapiga kichwani, akasema nina akili sana, akaenda zake. Baba akanigeukia. Alikuwa hajawahi kunikaripia maishani.

"Siku ile ulinitafsiria nini? Alisema kweli tutakaa, ama ulijitungia?"

Nililia mpaka mama akaja kunitoa pale. Swali lile nimelibeba hadi utu uzima.

Basi, mbele ya wageni wale, nilinyoosha mkono. "Nyumba haikuwa tupu. Tuliishi hapa. Hizi nguzo alichonga baba yangu."

Mama yule aliyetutembeza aliniangalia kwa huruma. "Pengine unafikiria nyumba nyingine. Hizi ni za asili."

Nilitoka nje nikampigia baba. Nilimsimulia yote, na mwisho nikasema, "Papa, siku ile nilitafsiri sawasawa."

Baba akajibu, "Nilijua, binti yangu. Nilijua palepale. Ila yule sikuwa na lugha ya kumgombeza. Ya kukugombeza wewe nilikuwa nayo."

Sina hasira na baba. Hasira yangu iko pale barabarani, kwa watu wanaosimulia historia ya nyumba na kuruka miaka yetu kana kwamba hatukupumua mle. Tulipohama, hakuna aliyekubali kupangisha watu tisa pamoja. Mjomba alienda kupanga chumba chake, bibi akapelekwa Ottawa kwa shangazi, akafia huko. Hatukuketi tena meza moja, sote tisa, hata siku moja.