Maharage ya Digidigi

Mjomba wangu wa kule Masieda milimani alikuwa hamtazami mtu usoni. Mtu akija, macho yake yanakwenda mikononi. Alisema uso umefundishwa tangu utotoni: unaambiwa cheka, unacheka, unaambiwa huzunika msibani, unahuzunika. Lakini mikono haijawahi kupelekwa shule. Na mimi mwenyewe shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nilimwelewa haraka.

Siku moja alipita muuza mablanketi kutoka Dongobesh, mtu wa maneno matamu. Akatandaza mablanketi yake juu ya kichaka cha uani, mekundu na ya bluu, na baridi ya kule juu ni ile ya asubuhi ng'ombe wanatoa moshi puani. Sote tulitaka. Bibi alikuwa ameshashika moja jekundu, amelisogeza shavuni. Mjomba akauliza, "Mkono wa kushoto uko wapi?" Kweli, yule mtu alikuwa ameuweka mfukoni tangu afike. Akajibu kwamba unasikia baridi. Mjomba akamwambia basi mablanketi yako hayafai, kama mwenye mablanketi mwenyewe anasikia baridi. Watu wakacheka. Mwishowe yule bwana akautoa, vidole viwili havikuwepo, mashine ya kusaga ilivila. Bibi aliona haya mpaka akafunika uso kwa lile blanketi. Mjomba hakuona haya. Aliutazama ule mkono, akampa pole, pole ya kweli kabisa, na blanketi hakununua. Alisema mtu anayeficha kitu cha halali, cha haramu atashindwaje kukificha. Tukalala na baridi masika yote.

Wengine humcheka mjomba hadi leo. Mimi simcheki, kwa sababu nimekuwa yeye. Mke wangu ananiambia, "Wewe hata jua likichomoza unaliuliza limetumwa na nani."

Mjomba huyo ndiye aliyenipa ng'ombe nije kuwatunza huku Basotu, nikiwa kijana. Kwetu Wambulu ng'ombe wote hawakai zizi moja. Unampa rafiki huyu wawili, yule watatu, wengine wako kwa shemeji, na wewe zizini mwako una wa watu wengine. Ugonjwa ukiingia hauli wote, na jicho la mtu haliwezi kukujumlisha. Ndiyo maana mgeni akiniuliza nina ng'ombe wangapi, namjibu habari za mvua.

Basi nilipofika huku tulichunga tambarare yote ya chini. Halafu wakaja watu na vijiti na kamba. Walisema wanatazama udongo tu. Wakautazama, wakaondoka, tukasahau, ndipo ikaja ngano. Sisemi ngano ni mbaya, chapati naila. Nasema tu kwamba waliotazama udongo hawakutuambia wanautazamia nini.

Kilichotubakia ni mteremko, ule upande wa mawe juu ya ziwa. Kiangazi kikikaza, nyasi zikawa rangi ya kamba kuukuu, pale mteremkoni kuna kitu kimoja kinabaki kibichi. Jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema maharage ya digidigi. Si ya kupika, usijaribu, yana uchungu. Yanatambaa katikati ya mawe, chini yana mzizi mnene kama kiazi, nadhani humo ndimo yanamoficha maji. Mbuzi na ndama wetu wanavuka kiangazi kwa hayo maharage. Bila mteremko ule ningeshahama zamani, na sijui ningehamia wapi, maana huku na huku kuna watu.

Sasa nifike kwa mtu ninayetaka kumsimulia. Ilikuwa asubuhi, kiangazi hiki tunachokimaliza sasa. Nimekaa nje na jirani yangu, mzee wa Kibarbaig ambaye huja kwangu kuomba ugoro na kunilaumu kwamba ni mbaya. Tukamwona kijana anapanda njia kutoka barabarani, ana viatu vizito na begi mgongoni. Mimi kama kawaida nikaenda mikononi. Mikono yote miwili imejaa majani mabichi, yale yale maharage ya digidigi. Ameyakumbatia na mizizi yake na udongo wake, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, anatembea polepole yasidondoke.

Mtu wa pwani labda haelewi kwa nini tulisimama. Huku kwetu, kwa Mbarbaig na kwa Mmbulu, mtu akija kwako na majani mabichi mkononi amekuja kuomba msamaha. Hata kama ameua. Huruhusiwi kumfukuza wala kumpiga, na kuyakataa yale majani ni kujitafutia laana. Nimeona kesi kubwa sana za mifugo, watu wameshashika fimbo, zimekwisha kwa konzi moja ya nyasi.

"Shikamooni wazee," akasema.

"Marahaba."

Nikamnong'oneza jirani kwamba huyu simjui, amenikosea nini? Jirani akasema, "Pokea kwanza. Kosa utaliuliza baadaye."

Nikayapokea kwa mikono miwili. Nikayatemea mate kidogo ya baraka, nikayachomeka juu ya mlango wa zizi kama inavyotakiwa. Kijana alinitazama mdomo wazi. Alinyoosha mkono kidogo kama anayetaka kuyarudisha, akaurudisha mkono badala yake. Mke wangu akamletea kikombe cha maziwa mgando, na mbuzi mmoja akayafikia yale majani pale mlangoni, akaanza kuyala. Kijana alikunywa maziwa huku anamtazama yule mbuzi kwa huzuni ambayo sikuielewa.

Akasema yeye ni mtaalamu wa mimea, ameshapita kwa mwenyekiti wa kijiji, na ameona mmea mteremkoni ambao angependa kuufahamu. Akaomba ruhusa ya kuzunguka kule. Ningemkataliaje mtu niliyepokea majani yake dakika ile ile? Nikasema zunguka.

Alipoondoka jirani akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Hajasema kosa."

"Sijamsikia akisema."

"Basi bado hajalifanya."

Neno hilo lilinikalia. Mtu anayeomba msamaha mapema ni kama mtu anayelipia ng'ombe ambaye bado hajamwiba. Kuanzia siku ile mbuzi niliwachunga mwenyewe, nikiwapeleka kila alikokuwa yule kijana. Mke wangu akasema mbuzi wamepata mchungaji kweli safari hii.

Nilimwona akichimba. Nilimwona amelala kifudifudi, kioo kidogo jichoni, anachungulia ndani ya ua moja kama mtu anayechungulia tundu la mlango wa watu. Alikuwa na rula, anapima jani, anapima kikonyo cha jani. Alikuwa na mbao mbili za kubana kwa mikanda, na katikati magazeti ya zamani, humo ndimo anamolaza mimea yake ikauke. Nilisoma kidogo pembeni, mimi nasoma polepole, ilikuwa habari ya mpira, na juu ya mguu wa mchezaji limelala ua la zambarau. Na kila alipochimba alitoa simu, anaisimamisha juu ya shimo, anangoja. Nikamuuliza anapiga picha? Akasema picha, ndiyo, na pia simu inashika mahali aliposimama.

"Inashikaje?"

"Kwa setilaiti, mzee. Mtu akiwa popote anaweza kufika hapa hapa kwenye jiwe hili."

Mtu akiwa popote. Nikakumbuka kamba na vijiti, nikaona kwamba siku hizi havihitajiki tena, mtu anakuja na mfuko wa suruali tu.

Lakini hakuwa mtu mbaya wa kukaa naye, hiyo lazima niseme. Alimsaidia mke wangu kumtoa ndama aliyenasa mguu katikati ya mawe. Aliniletea ugoro kutoka Katesh, jirani akausifu, yeye ambaye hajawahi kusifu ugoro wa mtu. Ndipo wasiwasi ukaongezeka. Mjomba angesema mkono unaotoa unafanya mwingine usionekane.

Siku moja jua limepanda, tumekaa kwenye kivuli cha jiwe, mke wangu ametuletea uji. Nikamwomba anisomee hicho anachokiandika. Hakuficha. Alisoma polepole, anatafuta Kiswahili chake, na mimi nitakirudia kama nilivyokishika.

Alisema: Mmea wa jamii ya kunde. Unatambaa, shina jembamba lenye nywele laini za kahawia. Mzizi mnene, umbo la kiazi kirefu. Jani moja lina vijani vitatu, cha kati kirefu kuliko vya pembeni, juu kijani kilichofifia, chini kama fedha. Maua mawili mawili juu ya kikonyo kirefu, ya zambarau, jani la ua la nyuma limesimama kama bendera na lina doa la njano shingoni. Ganda limepinda kama mundu, lina manyoya, likikauka linapasuka lenyewe na kujisokota. Mbegu nyeusi zenye kovu jeupe upande mmoja.

Niliacha kunywa uji. Mke wangu akaniuliza nina nini.

Nilikuwa nimesikia maneno ya namna hiyo maisha yangu yote, mnadani na kwa mgambo. Jike, rangi ya majivu, doa jeupe shingoni, pembe ya kushoto imepinda, sikio la kulia limekatwa. Hivyo ndivyo tunavyomtangaza ng'ombe aliyepotea. Ng'ombe aliyeko zizini hana mtu anayemweleza rangi. Kitu kikishaelezwa hivyo, ujue kinatafutwa.

"Endelea," nikamwambia. "Mwisho wake."

Akasoma mwisho. Unapatikana: mteremko wa mawe, juu ya ziwa, Basotu, wilaya ya Hanang. Kwingine haujaonekana.

"Ukishajulikana," nikauliza, "kinafuata nini?"

"Kwanza wenzangu wataulinganisha na mingine iliyoko vitabuni. Ganda lake naona ni tofauti. Ikiwa kweli ni wa hapa tu, basi ni adimu, mzee. Watu watataka kuulinda."

"Kuulinda na nani?"

Aliukoroga uji ambao ulikuwa umeshapoa. Mbuzi wangu walikuwa pale chini yetu, wameinamisha vichwa.

"Na mbuzi," akasema.

Angeweza kudanganya. Nimelifikiria sana hilo tangu siku ile na bado sijui kwa nini hakudanganya, na kutojua huko kunanisumbua kuliko uongo ambao ningeuzoea.

Nikamwambia mbuzi walikuwa hapa kabla yangu na maharage bado yapo, wala hayajaisha. Akakubali kwamba inawezekana, akasema hata hilo angeliandika. Nikasema na wakija watu wa kuweka uzio watasoma mpaka hapo? Akasema hajui. Ndipo nikamuuliza lile lililokuwa kooni tangu asubuhi ile.

"Ulikuja kwangu na majani mabichi. Ulikuwa unaomba msamaha wa kitu gani?"

Hakuelewa. Mke wangu akamweleza yote, majani, mate, mlango wa zizi, na kwamba hatukuweza tena kumkatalia. Alianza kucheka. Akasema yeye alitaka tu kutuuliza jina la mmea, na lile shina lilikuwa zuri kuliko yote aliyoyapata baadaye, na tukampa mbuzi. Mke wangu akacheka naye mpaka akajifuta machozi. Mimi nilikuwa natazama mikono yake. Ilikuwa imeacha kucheka kabla yake.

"Futa mahali," nikasema. "Maelezo mengine yaache. Rangi, ganda, bendera, yote yaache. Ng'ombe aliyepotea anatangazwa pembe na doa. Zizi la mwenyewe halitangazwi."

"Mzee, bila mahali maelezo hayana kazi. Hakuna atakayeyapokea."

"Mimi nilipokea majani yako bila kujua kosa."

Alifunga kitabu, akabana mbao zake, akakaza mikanda mmoja mmoja. Akavaa begi. Mke wangu alimwambia ngoja ule kwanza, akashukuru, akasema jua linakwenda. Hakushuka moja kwa moja. Alikwenda pale chini ya jiwe, mahali ambapo unyevu unabaki kidogo, akachagua. Akarudi. Safari hii hayakuwa maharage. Zilikuwa nyasi, nyasi za kawaida, konzi moja, na sijui zilibakije mbichi kiasi kile kwa kiangazi hiki. Alizileta kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, na sasa alijua maana yake.

Sikumuuliza kama amefuta au atafuta, au anaomba msamaha kwa sababu hatafuta. Ningeweza kuuliza. Lakini mtu akishasimama mbele yako hivyo huulizi, unapokea. Nikazipokea. Nikazitemea mate. Mke wangu akaninong'oneza, "Umeona sasa? Ni mtu mzuri." Nikasema nimeona nyasi.

Akashuka na njia ya mbuzi, mbao kwapani, simu mfukoni. Alipofika barabarani alisimama kidogo, nikadhani atageuka. Akafuata ukingo wa mashamba ya ngano kuelekea kwenye bodaboda, hakugeuka, na hajarudi tena.