Sauti ya Yusta na Pini Iliyochomoka

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya ndoa yangu, na tafadhali usimwambie mama yako kwamba nimesema hivyo. Ilikuwa kijijini kwetu Nyakitonto, maharage yameshavunwa, watu wana nafasi ya kukaa na kusikiliza. Kwaya yetu ilikuwa imetoka kurekodi kaseti Kigoma mjini, na siku hiyo tulikuwa tunaizindua kanisani. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa vyombo. Usicheke. Vyombo vyenyewe vilikuwa redio kaseti, amplifaya, spika mbili za mbao na betri ya gari. Redio na amplifaya viliunganishwa kwa waya wenye pini, kama hiyo ya hedifoni zako.

Aliyeongoza nyimbo zote alikuwa Yusta, binti wa Mzee Zakaria. Familia yao ilitoka Burundi kwa miguu, Yusta akiwa mgongoni kwa mama yake. Walilima nasi, walisali nasi, walizika nasi, lakini hakukosekana mtu wa kuwakumbusha walikotoka. Ledisia, binti wa mwalimu wa kwaya, naye alitaka kuongoza na wala hakuficha. Baba yake mwenyewe akampa Yusta nafasi, kwa sababu sauti ya yule msichana, acha tu, mwanangu.

Baada ya ibada nikaweka kaseti. Wazee waliokosa nafasi ndani wakaomba nao wasikie, tukasogeza amplifaya na spika hadi dirishani. Nikabonyeza. Magitaa yakaingia. Waitikiaji wakaingia kwa mbali, kama watu wanaoimba wakiwa bondeni. Ikafika zamu ya Yusta, na hapakuwa na Yusta. Gitaa likaendelea peke yake, kisha waitikiaji wakamwitikia mtu asiyekuwepo. Mama yake alikuwa benchi la mbele, kainua shingo, anasubiri. Wimbo wa pili ukawa vilevile, na wa tatu pia. Wenzake wote wanasikika, yeye tu hayupo.

Mzee Zakaria akasimama. Hakupaza sauti.

"Wimbo wetu mmeutaka," alisema. "Mwimbaji mmemfuta. Haya, amahoro."

Akaaga hivyo kwa Kirundi, kwamba amani, akatoka na watu wake, na familia nyingine zilizotoka kwao zikamfuata. Mwalimu wa kwaya akazima redio kwa aibu, na hakuna aliyethubutu kuiwasha tena.

Wiki hiyo kisimani palichemka. Unajua watu wetu, wakikosa sababu wanatunga. Walisema Ledisia ndiye aliyemshawishi mtu wa studio amfute mwenzake kwa wivu, na mimi niliyelala na kaseti nyumbani ndiye niliyemsaidia. Lisemwalo lipo, walisema, na hapo ushahidi ukawa umetosha. Ledisia akitokea na ndoo wenzake wanageuza migongo. Na kubwa kuliko yote, tukasikia Mzee Zakaria ameamua kuhama. Yusta angetangulia Kibondo kwa mjomba wake, na lori la mihogo la kumbeba lilikuwa linaondoka Alhamisi. Wengine wangemfuata baadaye.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamwambia mama yangu kwamba navirudisha vyombo, kwaya naacha, na watu hawa wamezoea kununa. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua hata kichwa.

"Nani kamfuta Yusta?"

"Sijui, mama."

"Zakaria anajua?"

"Hajui."

"Kwa hiyo mmegawanyika kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyekwenda kukitazama." Akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye ungo. "Maji yasipofika bustanini, unaanza kwa kumtukana jirani au unafuata mfereji tangu kwenye chanzo?"

"Nafuata mfereji."

"Basi toka hapa mbele yangu, ukaufuate."

Nilitoka nimenywea. Hakunibembeleza hata kidogo, na hadi leo namshukuru kwa hilo.

Chanzo kilikuwa kaseti, nikaanza na hiyo. Nikaiweka kwenye kiredio cha jirani. Yusta akaimba! Nilikaribia kulia palepale. Kumbe hakuna aliyemfuta. Nikaihamishia kwenye redio yetu ya kwaya, nikasikiliza kwa spika yake yenyewe ya ndani. Yusta yupo. Nikaunganisha amplifaya, nikasukuma pini mpaka mwisho. Yupo. Basi nini kilitokea Jumapili? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikapiga magoti chini ya meza nikiufuatilia ule waya kwa vidole, na nilipouvuta kidogo, pini ikachomoka nusu. Magitaa yakabaki. Yusta akapotea.

Jumapili, tuliposogeza amplifaya dirishani, waya ulikuwa mfupi. Ulivutika, basi.

Fundi mmoja wa Kasulu mjini alinieleza baadaye. Sauti ya kiongozi hurekodiwa sawasawa kulia na kushoto, ndiyo maana unaisikia katikati ya kichwa. Magitaa na waitikiaji hugawanywa, huyu huku, yule kule. Pini ina njia mbili za kwenda na moja ya kurudi. Ile ya kurudi isiposhika, kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta chenyewe, kinabaki kile kinachotofautiana. Hata leo ukiichomoa nusu pini ya hedifoni zako utaona mambo hayo.

Nilitaka kukimbilia kanisani nikawatangazie. Mama akanizuia. "Aibu ilimkuta nani? Anzia kwake."

Mzee Zakaria alituma neno kwamba spika zile zisikanyage uani kwake. Nikaenda Kasulu mjini, nikaazima hedifoni kwa muuza kaseti mmoja, nikafunga redio kwenye baiskeli. Jumatano alasiri nilimkuta anafunga magunia. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya heshima kama tulivyolelewa.

"Mwakeye, mzee."

Akaitikia. Kwetu salamu haikataliwi, hata ukiwa na hasira za namna gani.

"Sikuja kujitetea, mzee. Nakuomba uvae hizi, na pini uishike mwenyewe."

Aliacha magunia, akazigeuzageuza mkononi. Mwishowe akavaa. Nikamwambia aingize pini lakini isifike mwisho, kisha nikabonyeza. Uso wake ukawa uleule wa Jumapili, nikaogopa kwamba angezivua.

"Sasa sukuma, mzee. Mpaka mwisho."

Akasukuma. Mimi sikusikia kitu, nilimwona tu. Mkono ulibaki juu ya redio. Akaichomoa pini nusu, akairudisha. Akachomoa tena, akarudisha tena. Alikuwa anampoteza binti yake na kumrudisha kwa vidole vyake mwenyewe, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumlaumu.

"Umwana wanje," alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu walioziba masikio. "Mama Yusta! Njoo! Mwanangu yumo humu!"

Mama Yusta akaja, akafungua kitambaa cha kichwa ili asikie vizuri. Yusta alikuwa amesimama pembeni ya magunia, amegoma kusogea. Mama yake akamshika mkono, akamvisha na yeye, akimwangalia usoni anavyojisikiliza. Siku iliyofuata lori la mihogo liliondoka bila Yusta.

Sasa tuje kwako, mwanangu. Jana nimekusikia unamfokea mdogo wako kwamba ameziua hedifoni zako, sikio moja halisikii. Labda ni kweli. Lakini je, umezijaribu kwenye simu nyingine? Zikilia sawa huko, mgonjwa ni simu yako. Umechungulia tundu la simu? Mfuko wako una vumbi la shamba na makapi ya karanga, hujaa humo na pini haifiki mwisho. Chukua kijiti chembamba kikavu, toa taratibu, simu ikiwa imezimwa. Ukimaliza, pinda waya kidogo karibu na pini huku unasikiliza. Sauti ikija na kukata, waya umekatikia hapo, na fundi ataufupisha. Na lile sabufa unaloliita bovu, kabla ya kulipiga makofi, tazama kama simu yako imeshikana na spika ya jirani kwa blutuuthi. Wiki jana tumesikiliza nyimbo zako kupitia ukutani kwa jirani, na yeye hakuomba. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Ungependa niishie hapo, na mimi ningependa. Lakini Ledisia je? Kabla sijaenda kwa Mzee Zakaria, yeye alikuwa ameshaondoka kwenda Muyama kwa shangazi yake, amechoka na migongo ya kisimani. Tulipojua ukweli, baba yake alimfuata, tukaenda na wazee wa kanisa. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akatupikia. Tukamweleza habari ya pini hadi mwisho. Alisikiliza yote, halafu akasema, "Waya mmeupima. Mimi hamkuniuliza."

Hakurudi kuimba nasi. Niliumia sana, mwanangu, na bado naumia. Tulimpata Yusta, tukampoteza Ledisia, na wa pili hakupotezwa na pini. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Chombo kikinyamaza, fuata waya tangu mwanzo hadi mwisho kabla hujataja jina la mtu. Na mtu ukimshuku, mwendee umuulize yeye, si wenzake walioko kisimani. Nenda sasa kwa mdogo wako, hedifoni utazishughulikia ukirudi. Mungu akupe subira ya kusikiliza, akulindie ulimi wako usije ukamfukuza mtu asiye na kosa, na nyumba yako isikose sauti ya hata mtoto mmoja.