Siku Mzee Shitanda Aliponiletea Shingo Yake

Kuna asubuhi nilifungua mlango nikamkuta mzee aliyeapa kwamba hatakanyaga kwangu maisha yake yote. Alikuwa amekuja kuomba msaada.

Na hakujua ni kwangu.

Ngojeni nianze vizuri, wasee. Mimi ni mzee sasa, wajukuu ndio wamenifundisha kuandika huku, kwa hivyo mnivumilie.

Ilikuwa 1965, Kakamega mjini. Bendera ilikuwa bado mpya na vijana tulikuwa tumejaa kiherehere. Mimi, Khisa, nilikuwa na chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, na ndani kulikuwa na gitaa la umeme. Lilikuwa la kijana wa mzungu setla wa Likuyani, aliyeniuzia wakati familia yao inafunga mizigo kurudi Uingereza.

Lilikuwa zuri kwa macho tu. Nyuzi zilikaa juu mno, panya angepita chini bila kuinama. Ukibonyeza, vidole vinawaka. Nilishusha kile kichuma nyuzi zinapolala mpaka kikafika mwisho. Wapi.

Ndipo nikagundua shida si nyuzi. Ni shingo. Pale shingo ya gitaa inapofungwa kwenye mwili, ilikuwa imeinama mbele kidogo. Nikamwambia Phineas, mpiga ngoma wa bendi yetu, kwamba nimepata dawa yake.

Phineas naye mdomo wake hauna kufuli. Alienda sokoni Khayega akatangaza: "Kuna fundi mjini, nyuma ya duka la cherehani, ananyooshanga shingo. Hata ikiwa imepinda namna gani."

Hakusema ni shingo ya nini.

Sasa sikieni upande wa pili. Nilikuwa nampenda Navalayo, msichana wa Khayega. Baba yake, Mzee Shitanda, alikuwa mzee wa kanisa, na sisi wa gitaa alituita watu wa shingo ngumu. Alikuwa ameshampata karani mmoja mwenye baiskeli na tai, na karani huyo alikuwa anakuja Jumapili na wazee wake kuposa. Navalayo alikuwa amelia mpaka sauti ikaisha. Mimi nilishika gitaa ili nisishike kichwa.

Basi, Jumamosi asubuhi mlango ukabishwa. Nikafungua.

Mzee Shitanda, ameshikwa mkono na dada yake, Senge Jael, shangazi wa Navalayo. Shingo ya mzee ilikuwa imeganda, uso unaangalia bega la kushoto.

"Habari yako, daktari," akaiambia fremu ya mlango.

Senge Jael yeye alinitambua papo hapo. Akaweka kidole mdomoni, akamsukuma kaka yake ndani, akamkalisha akitazama ukuta.

"Nilirara vibaya," mzee akasema. "Tangu Jumanne naona upande mmoja tu wa dunia. Hospitari wamenipa tembe, hakuna kitu."

Kumeumana. Nikakaza sauti nene. "Kaa kidogo, baba. Kuna shingo nyingine namalizia."

"Hiyo iko na shida gani?"

"Imeinama mbele. Kwanza nalegeza skrubu."

"Skrubu?"

"Halafu naitoa kabisa."

Mzee akaishika shingo yake kwa mikono miwili. "Unaitoanga?"

"Naweka kipande cha kiberiti kule ndani mwishoni, ndiyo ilale nyuma. Halafu naifunga tena."

"Na mgonjwa hasemi kitu?"

"Huyu analianga tu akiguswa."

Mzee alijaribu kusimama. Senge Jael akamkandamiza mabega.

Nikafunga gitaa, nikakaza nyuzi. Zilikuwa zimeshuka vizuri kabisa. Nikaliweka mezani, nikapasha kitambaa moto kwa pasi ya makaa ya fundi, nikachukua mafuta, nikaanza kumkanda mzee kama mama alivyokuwa akimkanda baba.

"Una mikono mizuri," akasema. "Si kama hiyo takataka inataka msichana wangu. Jina yake ni Khisa. Mlevi, mwizi, hana akili hata ya kuku. Na mama yake alizaa hasara."

Wasee, mtu anakutukana mpaka mama yako, na shingo yake iko katikati ya mikono yako. Niliwaza mambo. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

"Legeza mabega, baba," nikasema. Nikaendelea kukanda pole pole.

Baada ya muda, shingo ikaanza kugeuka. Akaona dirisha. Akamwona dada yake. Akaliona gitaa mezani. Halafu akaniona mimi.

"Wewe."

"Ndiyo, baba."

"Ulijua ni mimi?"

"Tangu mlangoni."

"Na yale nilisema, ulisikia?"

"Yote."

Akachukua kofia yake, akatoka. Hata asante hakuacha. Nikajua nimemaliza kila kitu kwa mikono yangu mwenyewe, maana kesho atampokea karani akiwa mzima.

Jumapili jioni Senge Jael akarudi, peke yake, anacheka mpaka anafuta machozi.

Karani alikuja kweli, na wazee wake. Mzee Shitanda alimwacha akae, akamwangalia, halafu akaanza kumtukana. Akamwambia tai yake ni kama ulimi wa mbuzi. Akamwambia baba yake alilea hasara. Karani akaruka juu, akasema kama huyu si mzee angemzaba kofi hapo hapo.

"Basi," Mzee Shitanda akasema. "Nendeni salama."

Halafu akamtuma Senge Jael kwangu na maneno haya: "Mwambie alete wazee wake. Nilimtukana shingo yangu ikiwa mkononi mwake, na hakunifinya hata kidogo. Msichana wangu akimkosea siku moja, najua atarara salama."

Nililia mbele ya Senge, sina aibu kusema.

Funzo ndilo hilo. Tabia ya mtu usiipime siku anapokuomba kitu. Ipime siku umemkosea, na wewe ndiye mnyonge.