Mpiga Gitaa wa Nyuma ya Pazia

Saa tisa alasiri, kwenye arusi moja mjini Rumonge, mwanamke aitwaye Sikujua Hamidu anasugua vidole kwa majivu na ndimu. Tangu alfajiri alikuwa anakamua mawese, na mafuta yakibaki vidoleni, nyuzi za gitaa zinateleza.

Akimaliza, anaketi mkekani upande wa wanawake, gitaa pajani. Waya wake unapita chini ya pazia hadi kwenye spika, upande wa wanaume. Huko amesimama Fadhil, mwimbaji, kanzu nyeupe pe, miwani myeusi, naye ana gitaa shingoni. La Fadhil halina waya.

Gitaa linaanza, na jamani, linaongea! Wanaume wanainuka vitini. "Fadhil! Vidole hivyo!" Noti zinabandikwa kwenye paji la uso la Fadhil. Upande huu wa pazia akina mama wanacheka tu. Wao wanajua, mwaka wa kumi na moja sasa.

"Wanasikia gitaa, wanaona gitaa, wanaunganisha," anasema Sikujua, mjane wa miaka 44 mwenye watoto watatu. "Si makosa yao sana."

Gitaa alifundishwa na baba yake, fundi wa mashine za mawese, kwa kopo la mafuta lililofungwa nyaya za breki za baiskeli. Alipoolewa, wakwe walimruhusu apige arusini, mradi asikae mbele ya wanaume. Mume alifariki, sharti likabaki.

Msomaji asimhukumu Fadhil haraka. Hajawahi kumkana.

"Mimi naimba, dada ndiye anapiga. Nimesema mara ngapi?" analalamika. "Watu wanafikiri ni unyenyekevu. Wananipenda zaidi!"

Mwaka jana, kwenye arusi moja kijijini Kabonga, kiu ilimshika katikati ya wimbo. Akajisahau, akaliweka gitaa lake kitini, akafungua Fanta. Gitaa likaendelea kulia. Hapo mambo yangekuwa hadharani, au siyo? Wapi! Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka: gitaa la Fadhil linajipiga lenyewe! Kesho yake habari ilikuwa imefika Rumonge, na mialiko ikaongezeka.

Sikujua hupata faranga elfu thelathini kwa arusi, na elfu tano kwa siku pale kwenye mawese. Lakini anachokiogopa si udogo wa malipo. Anainua mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kimekunjamana. Kiliungua mwezi wa tatu, chikichi zilipokuwa zinachemka.

"Vimebaki vitatu vya kubonyezea nyuzi. Kikiungua kingine, gitaa kwaheri. Nitakuwa nani tena?"

Ndiyo maana aliposikia kituo kimoja cha vijana kinatafuta mwalimu wa gitaa, kazi ya mshahara, mbali na moto, alikuwa wa kwanza kupeleka jina. Akakuta kamati ya kituo imeshaandika la Fadhil.

"Tunahitaji jina," anaeleza Casimir, mkuu wa kamati hiyo, bila kuona haya. "Ukisema Fadhil, wazazi wanaleta watoto siku hiyo hiyo. Huyu mama, nani anamujua?"

Swali la haki. Sikujua alilijibu kwa kwenda ofisini kwake, na akina mama wawili wa arusini nyuma yake.

"Amahoro, chef," alimsalimu kwa Kirundi. "Sikuja kulia. Naomba mutundike pazia. Fadhil apige nyuma yake, na mimi nipige nyuma yake, halafu muchague. Murakoze, asanteni."

Casimir alicheka. Kisha akakuna kichwa, akaona hana pa kutokea. Jaribio ni Jumanne.

Kwa hiyo pazia lililomficha miaka yote hii, sasa amelitafuta mwenyewe. Safari hii litamficha na Fadhil pia, pamoja na kanzu yake na miwani yake.

Arusi inapokwisha, jua bado liko juu. Fadhil anamsubiri Sikujua langoni, jasho linamtoka ingawa hakuna anayemwimbisha.

"Dada, Jumanne mimi nitapiga nini? Watanicheka muji muzima. Nifundishe hata wimbo mumoja."

Sikujua anaachia msonyo mrefu. Kisha anatoa gitaa kwenye mfuko, anaonyesha vidole vyake vitatu juu ya nyuzi.

"Hiki hapa. Hiki hapa. Bonyeza, usikamate kama unakaba kuku! Kesho saa mbili uje nyumbani. Na ile miwani uiache."

Fadhil anashukuru mara nne na kuondoka. Kabla hajafika barabarani, watu watatu wameshamzuia wapige naye picha.

Mwandishi anamuuliza Sikujua kama akili zake ni nzima. Kazi anayoililia, vidole anavyotaka kuviokoa, na mpinzani anamfundisha mwenyewe?

"Mimi baba alinifundisha miaka mitano. Huyu iko na siku mbili," anasema, akilirudisha gitaa mfukoni. "Lakini tuseme Mungu amusaidie, apige vizuri."

Anafunga mfuko, anaubeba begani.

"Si wanatafuta mwalimu? Basi wamuulize nani amemufundisha."