Nyuzi Ishirini na Sita

Tangu mumewe apatwe na kiharusi, fundi cherehani yule alikuwa anaishi roho mkononi. Mume akikohoa, anakimbilia sebuleni. Akinyamaza sana ndiyo hasa moyo unamwenda mbio, anachungulia mlangoni kuona kama kifua kinapanda na kushuka.

Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalimtoka vipande vipande, mengi hayana kichwa wala miguu. Kitu kimoja tu kilimtuliza: tangi la samaki alilolinunua alipostaafu. Akishaogeshwa asubuhi anasogezwa mbele ya tangi, na hapo hatikisiki mpaka chakula cha mchana. Mkewe hakumwambia mtu, lakini moyoni alikuwa ameshaamini kwamba siku samaki wale wakiisha, na mwenyewe hatakawia.

Kwa hiyo asubuhi aliyowakuta samaki wamejazana juu ya maji, midomo wazi, wakihema kama watu waliopanda ngazi, kitu cha kwanza alichofanya ni kuurudisha mlango wa chumba cha mumewe. Mmoja alikuwa tumbo juu. Alimwopoa kwa upawa, akamviringisha kwenye kipande cha kitambaa na kumtupa nje kabla mume hajatoka chumbani. Kisha akautazama utepe wa kupimia joto uliobandikwa kwenye kioo. Nyuzi ishirini na sita, kama kawaida. Zamani mumewe alikuwa akimtania kwamba ndani ya nyumba ile kila mtu ana nyuzi zake: za mke za kushonea, za mume za maji. Na za maji, alimwambia, zikiwa ishirini na sita, lala usingizi.

Akatia mkono. Hakuhisi chochote. Vidole vilivyozoea pasi ya moto miaka yote ile havikuwa na habari na maji ya uvuguvugu.

Wifi yake, aliyekuwa akija kusaidia kumnyanyua mgonjwa, alidhani ni chakula. Wakapunguza chakula. Kesho yake akafa mwingine. Na mume naye akaanza vituko: anagonga kioo kwa kidole cha mkono mzima, kule pembeni nyuma, anagonga na kunguruma mpaka mishipa inamsimama shingoni. Wifi akanong'ona kwamba huenda ugonjwa umepanda kichwani. Fundi aliinuka akamwacha pale. Aliingia jikoni, akafungua bomba ili asisikie zaidi.

Mchana, akiwa ameanza kuutilia shaka ule utepe, alikwenda kwenye duka la vifaa vya kufugia samaki, akanunua kipimajoto cha kioo, kile cha kutumbukiza majini. Alipokitia, mstari mwekundu ulipanda, ukaipita ishirini na sita, ukaenda kusimama kwenye thelathini na mbili.

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Viwili vinasema, kimoja kinadanganya, na hajui ni kipi. Akikiamini kipya akapoza maji, kumbe ni kibovu, atawaua kwa baridi. Akiuamini utepe, anawapika polepole mbele ya macho ya mwenyewe.

Alirudi dukani karibu anakimbia, kipimajoto mkononi, akauliza atajuaje kama hakijamdanganya. Muuzaji hakucheka. Alijaza maji kwenye ndoo, akatumbukiza kila kipimajoto alichokuwa nacho, na kile cha fundi katikati yao. Wakasubiri. Vingi vilikubaliana, na chake kilikuwa miongoni mwao. Kimoja cha betri, cha bei ghali kuliko vyote, kilikwenda njia yake peke yake, na muuzaji akakiweka chini ya kaunta. Ule utepe, alieleza, unachanganya joto la maji na la chumba, na ukichakaa unaganda palepale.

"Lakini usiniamini mimi tu, mama," alisema. "Ukifika nyumbani ponda barafu, jaza glasi, ongeza maji kidogo, koroga. Kikisimama kwenye sifuri, kiamini."

Aliiponda barafu ndani ya taulo. Akakoroga, akakishikilia kipimajoto kisiguse glasi, huku anahesabu pumzi zake mwenyewe. Mstari ukashuka, ukashuka, ukatulia kwenye sifuri. Badala ya kupata nafuu, alikitoa akakitumbukiza tena, kikarudi palepale; sasa hakuwa na pa kukimbilia. Maji yalikuwa ya moto kweli.

Alipiga magoti kando ya kiti cha mumewe.

"Mume wangu, maji yana thelathini na mbili. Nifanye nini?"

Mume akainua kidole, akagonga kioo palepale pembeni. Safari hii mke alikifuata kidole. Nyuma ya majani, hita ya kupashia maji joto, inayotakiwa kujizima yenyewe, ilikuwa na taa ndogo nyekundu inayowaka.

"Haizimi," mume alisema. Neno zima, la kueleweka.

Kumbe siku zote zile hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa akimwita.

Alichomoa waya ukutani. Barafu hakuthubutu kuitia. Aliogopa kuwashtua samaki. Alichota maji kikombe kwa kikombe, akirudishia mengine yaliyopoa, yaliyokuwa yametulia kwenye ndoo, na mume akawa anamwongoza: kidole juu, asubiri, kidole chini, aendelee. Jasho lilimtiririka. Kila alipoona samaki ametulia, alidhani anakufa. Giza lilipoingia mstari ulikuwa umeanza kushuka. Mmoja hakupona. Waliobaki waliteremka chini, mmoja mmoja, wakaanza kuchokoa changarawe.

Hita mpya iliponunuliwa, walikaa wote wawili wakiikodolea macho mpaka ilipojizima yenyewe. Wifi alipopita kuuliza mgonjwa anaendeleaje, fundi alimjibu kwamba siku hizi mgonjwa ndiye msimamizi wa nyumba. Alilisema kwa mzaha, wifi akacheka. Kisha fundi akaenda jikoni kuchemsha chai, na huko, mgongo ukiwa umeelekea mlango, alilia machozi ambayo mwenyewe hakujua kama ni ya shukrani au bado ni ya woga.