Mkeka wa Alasiri

Miaka ya hamsini nilitoka Pemba nikaja Tanga kufundisha darasa la kwanza. Nilipanga chumba Ngamiani, na sikuwa na mtu. Watoto walioshindwa kusoma niliwaambia waje kwangu alasiri, nikawatandikia mkeka. Majirani wakanisifu kwa moyo wangu. Moyo gani! Nilikuwa nimechoka kula peke yangu.

Wengi walikuwa wamepita chuoni kwanza, wakazoea kusoma Kurani kutoka kulia. Kitabu cha shule nacho wakakianzia kulia, basi wakaitwa wajinga. Nilikasirika mno. Mtoto anayejua njia moja si mjinga, hajaonyeshwa ya pili tu. Nikampa kila mmoja njiti ya ukuti ya kufuatia maandishi, kama ile ya chuoni, nikamshika mkono aanzie kushoto.

Ikawa kila anayejua kusoma haji tena. Mkeka ukabaki na binti mmoja wa jirani, mzito wa kushika kweli kweli. Alasiri moja akasoma ukurasa mzima bila kusita. Nilimkumbatia, kisha nikamwambia amekwisha kujua, akacheze na wenzake.

Kesho yake akaja palepale. "Shikamoo, mwalimu." Akaketi, akafungua kitabu, akaweka njiti upande wa kulia.

"Umesahau?" nikamuuliza kwa ukali.

Akaitazama sufuria yangu ya mtu mmoja jikoni, kisha akanitazama mimi.

"Nimesahau, mwalimu."

Nikamshika mkono, tukaanza upya.