Karo za Ukutani

Mama alizinunua sokoni Kashebere, katoni sita za vigae, zikapanda hadi kwetu Kalembe kwa pikipiki, zimefungwa kwa kamba za mpira. Zilikuwa nyeupe, nyembamba, zinang'aa. Nyumba yetu ya mbao haikuwahi kuwa na kitu kinachong'aa. Tulikuwa tumekulia juu ya udongo, na Mama alitaka, kabla hajazeeka, akanyage sakafu ya karo.

Fundi aligeuza moja, akapitisha kidole juu yake.

"Mama, hizi ziko za ukuta. Za chini zinakuwaka nene, zinakwaruza kidogo. Hizi, maji ikimwangika, ni sabuni."

"Papa fundi, mu nyumba ya mbao nitazibandika ku ukuta gani?"

"Njo maana nasema uzirudishe."

"Minataka nione sura yangu pale chini."

"Sura iko ku kioo, Mama."

Baba alicheka hadi akakohoa. Ndiye aliyemaliza ubishi. "Kaka, changanya sima na muchanga, ubandike. Huyu mwanamuke amelima maharage ku mulima miaka yote. Umupe sura yake."

Mvua zilipoanza, Baba alirudi kutoka shambani na matope miguuni, akavuka mlango. Nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Nilisikia kishindo kimoja, kisha sauti ya Mama.

Mfupa wa paja haukuunga. Alilala miezi mitatu kando ya dirisha, akitazama matuta ya shamba lake yakiota magugu.

Siku moja Mama alichukua panga, akaanza kubandua karo ya kwanza.

"Acha," Baba alisema kutoka kitandani. "Ukizitoa, watu watasema njo wewe ulinivunja."

"Si ni mimi?"

"Ni mimi nilisema abandike."

Mama alirudisha panga jikoni.

Baba alikufa mvua ikinyesha. Watu wa kilio walipanda kilima, matope hadi magotini. Tulitandika mikeka yote, haikutosha kuufunika weupe ule. Kwetu mjane huketi, wengine humjia. Mama alipiga magoti mlangoni na kitenge chake mkononi, akawa anakausha miguu ya kila aliyeingia, kisigino hadi vidole.

Shangazi, dada yake Baba, alimshika bega. "Njoo ukae, dada. Hii haiko kazi ya mujane."

"Niache," Mama akasema. "Huyu hajakauka bado."